Kaptula Safi ya Alec McNair

Nilishuka Stirling katikati ya Septemba 1985, nikaikuta Uskoti yote imo matangani. Magazeti yaliyoachwa kwenye viti vya treni yalikuwa na picha ya mzee mmoja mnene, amevaa koti, uso wa mtu anayedai kodi ya nyumba. Nikadhani ni waziri. Mwanafunzi mmoja wa Malawi aliyenitangulia mwaka mzima ndiye aliyenisahihisha: si waziri, ni kocha. Jock Stein alikuwa ameanguka tarehe 10 ya mwezi ule pale Cardiff, mechi ya Welisi na Uskoti ikielekea ukingoni, muda mfupi baada ya Davie Cooper kusawazisha kwa penalti. Hakuinuka tena. Nilimpa pole mlinzi wa bweni letu, kama tunavyofanya kwetu, naye hakushangaa hata kidogo. Aliipokea kama mfiwa.

Mimi nilikuwa nimetumwa kusoma ufugaji wa samaki. Baba, kule Mwanza, alicheka mpaka akakohoa alipoisikia habari hiyo: mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani anapanda ndege kwenda kwa watu wa baridi kufundishwa sato. Na sato kweli niliwakuta, wamo ndani ya jengo, kwenye matangi ya maji yaliyopashwa moto, huku nje mvua ya ubavu inapiga madirisha. Nyumbani wakati ule sangara alikuwa anammaliza kila samaki ziwani. Huku mimi napima uzito wa sato wanaoishi vizuri kuliko mimi. Lakini leo sitaki kusema habari za samaki. Nataka kusema habari za Jumamosi.

Jumamosi hapakuwa na vipindi, na posho haikutosha kwenda Glasgow kutazama timu kubwa. Ila dakika chache tu kwa treni kuelekea kusini kuna kituo kinaitwa Larbert, na ukitembea kutoka hapo unafika mji mdogo wa Stenhousemuir. Timu yao ilikuwa daraja la tatu, na la tatu ndilo lilikuwa la mwisho. Jezi zao ni za damu ya mzee. Uwanja wao unaitwa Ochilview, kwa sababu siku mawingu yakiamua kuwa na huruma unaviona vilima vya Ochil kwa mbali. Watazamaji wenyewe ungeweza kuwahesabu kwa macho wakati wa mapumziko, na nilifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Kilichonivuta kwanza, nikiri, haikuwa soka. Ilikuwa harufu. Karibu na uwanja palikuwa na kiwanda cha McCowan's cha kutengenezea tofi, na upepo ukikaa vizuri harufu ya sukari na maziwa inayopikwa ilifunika mtaa mzima. Kwenye karatasi ya tofi ile pamechorwa kichwa cha ng'ombe wa kule milimani, mwenye pembe pana na nywele zinazomfunika macho. Baadaye nikajua mji huo uliwahi kuwa mnadani. Karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa, ng'ombe waliswagwa kwa miguu kutoka milimani na visiwani, wengine wakiogeleshwa mkondo wa bahari kutoka kisiwa cha Skye, mpaka hapo, wakauzwa kwa wanunuzi wa kusini. Sasa mahali pa mnada pamekuwa kiwanja cha gofu. Msukuma hawezi kuona mji wa mnada akajiona mgeni kabisa. Nilinunua tofi, nikasimama kwenye uzio.

Mtu mweusi mmoja katika watu mia tatu hana pa kujificha. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu, kofia bapa kichwani, mikono mipana iliyojaa makovu madogo madogo ya moto, alinitazama kipindi cha kwanza chote. Mapumziko yalipofika akanunua pai mbili za nyama ya kondoo, akanipa moja bila kuuliza, kisha akauliza swali ambalo kila Mskoti humuuliza mgeni: Celtic au Rangers?

"Pamba," nikamjibu.

Ikabidi nimweleze kuwa Pamba ni timu ya Mwanza, na kwamba kwetu swali lake tunalo pia, ila sisi tunauliza Simba au Yanga. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza mimi nacheza wapi. Nikasema mimi sichezi popote, ila baba yangu alikuwa namba mbili, beki wa kulia, kwenye timu ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na alicheza Nyamagana miaka ya hamsini. Hapo ndipo alipogeuka mzima mzima, akauacha uwanja mgongoni.

"Beki wa kulia," akasema. "Mwanangu, umesimama katika mji uliomzaa beki wa kulia kuliko wote."

Jina lake sitalitaja. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita siku zote, na yeye aliniita mwanangu kabla hajaniuliza naitwa nani. Alikuwa amezaliwa 1907. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika kiwanda kimojawapo cha kusubu chuma, akipanga mchanga kwenye kalibu na kumimina chuma kilichoyeyuka. Eneo lile lote liliishi kwa kazi hiyo. Carron, kiwanda kikongwe kilichoanzishwa 1759 na kuyapa jina mizinga mifupi ya manowari, kilikuwa kimefilisika miaka mitatu tu kabla sijafika, na bado wanaume wa mji walikipita wakiangalia upande mwingine, kama unavyoipita nyumba ya mtu mliyekosana.

Beki wake aliitwa Alec McNair. Alizaliwa Stenhousemuir siku ya pili ya Krismasi mwaka 1882, akaanzia timu hii hii ya damu ya mzee, na 1904 Celtic wakamchukua kwenda Glasgow. Alikaa huko mpaka 1925. Miaka ishirini na mmoja, jezi moja. Mzee alikuwa na namna yake ya kuhesabu mataji: alifungua kiganja na kukunja vidole. Ligi sita mfululizo, 1905 mpaka 1910. Vidole vikaisha, akaanza upya: nne mfululizo, 1914 mpaka 1917. Halafu 1919. Halafu 1922. Jumla kumi na mbili. Kombe la Uskoti mara sita. Timu ya taifa mara kumi na tano, kati ya 1906 na 1920, na hiyo miaka ya vita ikiwa imeliwa katikati.

Nilimwita "namba mbili" na Mzee akanikatiza. Hapakuwa na namba. Siku za McNair mgongo wa mchezaji ulikuwa mgongo tu, na Celtic waliendelea kuzikataa hata wengine walipokwisha zikubali. Walipoanza kuzivaa, 1960, walizishona kwenye kaptula. Ulimjua mtu kwa anavyosimama.

Na jina la utani alilopewa McNair lilinishinda. Kwa Kiskoti chake Mzee alitamka neno nisilolijua. Nikaelewa tu kwamba ni barafu, lakini si barafu yoyote. Ni barafu ya namna gani? Akanitazama kwa masikitiko. "Subiri baridi," akasema.

Nililiacha hapo. Lakini usiku ule kitandani nilikuwa nawaza jambo moja ambalo Mzee alilitaja akipita tu, kama la kando: kwamba McNair alikuwa akitoka uwanjani na kaptula yake ikiwa safi. Kwamba wenzake wote wanatoka wamegeuka matope, na yeye ungedhani alikuja kutazama.

Kwetu nyumbani hili lilikuwa limeleta ugomvi. Mama ndiye aliyefua vifaa vya baba, na kaptula yake ilirudi kutoka Nyamagana kama ilivyokwenda, labda vumbi kidogo pindoni. Mama hakuamini. Alidhani baba anakaa benchi na anaona aibu kusema. Jirani yetu, aliyecheza namba tano katika timu hiyo hiyo, alirudi kila mara ametapakaa udongo na magoti yanavuja damu, na mkewe alimfulia kwa majivuno, kamba nzima. "Mwenzako anacheza," mama alikuwa akisema. Baba hakujitetea. Sikumbuki hata siku moja kumsikia baba akisimulia mechi aliyocheza. Na ukifikiri, angesimulia nini? Mshambuliaji ana bao lake, atalihadithia mpaka afe. Kipa ana penalti aliyoipangua. Beki aliyefanya kazi yake vizuri hana tukio.

Februari 1986 ilikuja na baridi ambayo hata wenyeji waliilalamikia. Wakasema hawajaona nyingine kama hiyo kwa miaka mingi. Mechi ziliahirishwa moja baada ya nyingine, ardhi imekuwa jiwe. Jumamosi moja nilifika Ochilview nikakuta lango limefungwa, na Mzee amesimama mbele yake ameingiza mikono mifukoni. Hakuwa ameniambia nisije. Nadhani alijua nitakuja, na alikuwa hana simu ya kunipigia wala mimi sina ya kupigiwa. Akanipeleka kwake.

Tulipofika mlangoni akasimama, akanielekeza juu kwa kidole. Kwenye ukingo wa paa, maji yaliyokuwa yakidondoka yalikuwa yameganda yakiwa njiani. Yamening'inia kama meno, mengine marefu kama mkono wangu, yamechongoka, meupe na angavu. Mzee akanyanyua fimbo, akaligonga moja likakatika, akalidaka na kunipa.

"Huyo," akasema, "ndiye McNair."

Nililishika kwa glavu, kisha nikavua glavu nilishike vizuri, na nikajuta. Kitu kisichofanya chochote. Hakikati usipokikimbilia, hakisogei, hakina haraka, na mtu mwenye akili hapiti chini yake. Nilikishika mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu Mzee alikuwa ananitazama na sikujua adabu ya kitu kama hicho ni ipi, unakitupa au unakiweka wapi. Mwishowe alikichukua mwenyewe akakisimamisha kwenye sinki la jikoni. Kikayeyuka polepole wakati tunazungumza.

Jikoni ndipo aliponifundisha sheria ya kuotea ya zamani, kwa vyombo vya chai. Kopo la sukari likawa kipa, Charlie Shaw. Birika la maziwa likawa Joe Dodds, beki wa kushoto. Kikombe changu, kikiwa kimejaa chai mpaka juu, kikawa McNair. Kijiko kikawa mshambuliaji. Siku zile kikosi kilikuwa na mabeki wawili tu; mbele yao watatu, na mbele zaidi watano. Mabeki wawili kwa washambuliaji watano: ukisikia hivyo unadhani yalikuwa mauaji. Lakini sheria ilitaka mshambuliaji, mpira unapopigwa kumwendea, awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Watatu, si wawili kama sasa.

Akakisogeza kikombe mbele ya kijiko, upana wa kidole kimoja. Nyuma ya kijiko wamebaki wangapi? Birika na kopo. Wawili. Kijiko kimeotea.

"Umeona? Hakukimbia. Hakumgusa mtu." Akanionyesha meza. "Na hakumwaga."

Na akikosea hesabu, kijiko kikapenya? Basi birika la maziwa bado lipo nyuma, na kopo bado lipo. Ndiyo maana beki mwenye akili aliweza kuucheza mchezo ule kama bao. Wapo walioutumia kupita kiasi. Bill McCracken, yule Muairishi wa Newcastle, alizomewa viwanja vyote vya Uingereza kwa kuwategea watu mtego huo mpaka mechi ikawa filimbi tupu. McNair, kwa maelezo ya Mzee, hakuwa mwindaji wa filimbi. Alisogea tu. Mshambuliaji anainua kichwa anakuta mlango uliokuwa wazi sasa hivi umefungwa, na aliyeufunga anatazama kwingine.

Shaw, McNair na Dodds. Mzee aliyataja majina hayo kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma dua aliyofundishwa utotoni. Msimu wa 1913 hadi 1914 Celtic walifungwa mabao 14 katika mechi 38 za ligi. Inasimuliwa kuwa hao watatu ndio walioifanya pasi ya kumrudishia kipa kuwa silaha badala ya aibu: beki amebanwa, badala ya kuupiga mpira nje kwa hofu anamgeuzia Shaw taratibu, Shaw anaudaka, mshambuliaji aliyekuwa akija kwa kasi anabaki amekimbia bure. Jambo la kawaida mno pale mwaka 1986, kabla kipa hajakatazwa, 1992, kuudaka mpira wa namna hiyo. Wakati wa McNair, alisema Mzee, baba yake alishika kichwa kila mara mpira ulipoanza safari hiyo ya kurudi nyuma.

Baba yake, nasema. Hapa ndipo nilipoanza kuwa na shaka yangu, na sidhani ni utovu wa adabu kuisema sasa. Mzee alizaliwa 1907. Zile ligi sita za mfululizo zilipokwisha alikuwa na miaka mitatu. Alianza kwenda Glasgow na baba yake baada ya vita, akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi, na McNair aliyemwona kwa macho yake alikuwa tayari mtu mzima wa miaka thelathini na saba, thelathini na minane. Nusu ya aliyonisimulia aliyaona kwa macho ya baba yake. Nilipomwambia hivyo, kwa uangalifu, alinijibu kwa ukali kidogo: kwani wewe ulimwona baba yako akicheza Nyamagana? Sikumwona. Nilikuwa mgongoni kwa mama.

Hata hivyo nilikwenda Glasgow mara moja, kwenye ile maktaba kubwa ya Mitchell, nikaomba magazeti ya zamani. Nilikaa saa nne. Wafungaji wamejaa kurasa: Jimmy Quinn na mabega yake, Patsy Gallacher mdogo mwenye miujiza. McNair yupo kila wiki, jina katika orodha, la pili kutoka kushoto baada ya kipa. Anasifiwa kwa utulivu, mstari mmoja, halafu mwandishi anarudi kwa Quinn. Ningetaka kuwaambia wasomaji kuwa nilifukua hazina. Nilifukua orodha.

Lakini katika zile kurasa nilikuta kitu kingine. Vita vilipoanza 1914 ligi ya Uskoti haikusimama. Kombe ndilo lililosimama mpaka vita vilipokwisha. Wachezaji walitakiwa wafanye kazi nyingine wiki nzima na wacheze Jumamosi. Ratiba zikabanana hivi kwamba tarehe 15 Aprili 1916 Celtic walicheza mechi mbili za ligi siku moja: mchana wakawafunga Raith Rovers 6-0 nyumbani, jioni wakaenda Motherwell wakashinda 3-1. Walikuwa katikati ya mechi 62 bila kufungwa, kuanzia Novemba 1915 mpaka Aprili 1917, siku Kilmarnock walipokuja Glasgow wakawafunga 2-0. Ukurasa wa mechi uko mgongo kwa mgongo na ukurasa wa waliokufa. Peter Johnstone, aliyecheza kati katika safu hiyo hiyo ya McNair, aliuawa kwenye mapigano ya Arras Mei 1917.

Nikasoma tarehe hizo na akili ikaenda nyumbani. Julai 1916, miezi mitatu tu baada ya zile mechi mbili za siku moja, Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Babu yangu alikuwa kijana. Walikuwa wakiokota vijana njiani kubeba mizigo ya jeshi, Mjerumani anaokota, Mwingereza anaokota, na aliyeokotwa hakuulizwa yeye ni wa upande gani. Babu alijificha kwenye mawe. Kwetu mawe hayakosekani. Nilimsimulia Mzee habari hiyo Jumamosi iliyofuata, akasikiliza mpaka mwisho, akasema babu yako alijua pa kusimama.

Nilimuuliza siku moja kama McNair hakuwahi kupitwa. Alinyamaza muda mrefu hivi kwamba nikadhani hakusikia. Kisha akasema neno moja: Sheffield.

Aprili 1920, Uingereza dhidi ya Uskoti, uwanja wa Hillsborough. Mechi ya mwisho ya McNair kwa nchi yake. Mpaka mapumziko Uskoti inaongoza 4-2. Watu wamekwisha kuanza kuimba. Uingereza wakarudisha, wakarudisha, wakashinda 5-4. Mzee alikuwa nyumbani Stenhousemuir. Matokeo yalifika kwa telegramu, yakabandikwa dirishani, na baba yake alisimama mbele ya dirisha lile akisoma namba hizo mbili kana kwamba zitabadilika. Mtu aliyekaa miaka kumi na minne akilinda mlango wa taifa, mara ya mwisho aliyousimamia mlango huo yalipita matano. Mzee hakuwa na la kumtetea. Alisema tu mvua ilinyesha. Mimi nilimpenda McNair zaidi kuanzia siku hiyo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hatimaye alikuwa na tukio.

Aliendelea Celtic miaka mitano zaidi. Alikuwa na miaka arobaini walipochukua Kombe la 1923 kwa kuwafunga Hibernian 1-0. Akaacha 1925, na katika mwaka huo huo, mwezi wa Juni, sheria ya kuotea ikabadilishwa, tena kwa pendekezo la Waskoti wenyewe: watatu wakawa wawili. Mzee alilichukua birika la maziwa, akaniambia nikisogeze kikombe kama awali. Nikakisogeza. Kijiko hakikuotea, kwa sababu birika na kopo wanatosha. Ili kumtega mtu sasa lazima birika nalo lisogee, na nyuma abaki kopo la sukari peke yake. Akakiingiza kijiko kwenye sukari. Msimu uliofuata mabao katika ligi ya Uingereza yalipanda kutoka yasiyofika 5,000 hadi zaidi ya 6,000. Klabu zikaanza kumvuta yule wa kati arudi nyuma awe beki wa tatu, na mchezo wa kikombe na birika ukawa hadithi ya wazee.

McNair hakuwahi kuucheza mchezo huo mpya. Alikwenda kuwa kocha wa Dundee, timu ambayo Celtic walikuwa wametoka kuifunga fainali ya Kombe Aprili ya mwaka ule ule, ikakaa naye miaka miwili, 1925 mpaka 1927. Alifariki 1951. Mwaka huo huo, pale Ochilview alikoanzia, ilichezwa mechi ya kwanza Uskoti ya taa za kisasa, Stenhousemuir na Hibernian.

Jina la Dundee lilirudi jikoni kwa Mzee tarehe 3 Mei 1986, siku ya mwisho ya ligi. Hearts ya Edinburgh haikuwa imefungwa kwenye ligi tangu Septemba. Ilihitaji sare tu, na ilikuwa ugenini Dundee. Celtic walikuwa Paisley, wanahitaji kushinda kwa mabao mengi na kuomba Mungu. Tulikuwa na redio juu ya meza, karibu na kopo la sukari. Celtic wakafanya sehemu yao mapema. Wakawafunga St Mirren matano. Lakini Dundee bado 0-0, dakika ya sabini, ya themanini, na mimi namtazama Mzee, mtu wa Celtic tangu utotoni, nikingoja afurahi au ahuzunike nijue na mimi nifanye nini. Dakika ya 83 kona, Albert Kidd aliyetokea benchi, bao. Dakika ya 87, Kidd tena. Redio ikawa kelele tupu. Celtic mabingwa.

Mzee akazima redio. Hakupiga makofi.

"Dakika saba," akasema. "Walihitaji mtu wa kusimama dakika saba."

Nilirudi Mwanza kabla ya mwaka kwisha. Baba hakuniuliza habari za sato. Aliniuliza nimemwona mchezaji gani huko Ulaya, akitegemea nimtajie Dalglish au yeyote aliyemsikia redioni, na mimi nikamtajia beki aliyekufa miaka thelathini na mitano iliyopita. Nilimpa kikombe, birika na kijiko, kama nilivyopewa. Alifuata kila kitu bila kusema neno, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza Mzee: winga akija, McNair alikuwa anamtazama wapi? Machoni, miguuni, au mpirani?

Sikujua. "Basi hukujifunza kitu," baba akasema. "Mwandikie."

Nikaandika. Majibu yalichukua karibu miezi miwili, yakaja ndani ya bahasha iliyonuka tofi, kwa kuwa alikuwa ametia vipande vinne vilivyoyeyuka njiani vikagandana na barua. Maandishi yenyewe yalikuwa machache. Mwambie baba yako, alisema Mzee, alikuwa hamtazami winga hata kidogo. Alimtazama yule atakayempa winga mpira.

Nilimtafsiria baba. Aliichukua ile karatasi, akaikwangua sukari kwa ukucha, akatoka nayo uani kwa mama aliyekuwa anafua. Akamsimamia na kunitaka nimtafsirie na yeye, neno kwa neno, na habari ya kaptula nisiiache. Mama akasikiliza. Akajikausha mikono kwenye kanga.

"Sasa mimi nilisemaje?" akasema. "Kaptula ilikuwa safi kwa sababu mpira ulikuwa hauji upande wako."

"Ehee," baba akasema. "Ulikuwa hauji."